Namba ya Ng'ambo

Bawabu wa shule alikuwa na sheria moja tu, na aliitaja hata kabla Sajini Asio hajamaliza kuonyesha kitambulisho chake cha polisi.

"Hapa, afande, mwenye meseji ndiye mwenye mtoto. Ukiwa nayo unaenda na mtoto. Ukikosa, hata uwe askofu utarudi nyumbani."

"Na huyo wa Ijumaa alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo kwa simu. Ile namba ya siri iliyo ndani ikalingana na karatasi yangu. Nikaita, Atyang, njoo, mjomba amefika."

"Mtoto alisemaje?"

Bawabu alivua kofia, akaigeuza mikononi. "Alimwangalia kidogo. Yule akamwambia, mama amenituma, kile kikohozi kiliisha? Basi akakubali kushikwa mkono."

"Mtu mwenyewe mrefu?"

"Mfupi. Mwembamba. Ukimpuliza ataanguka."

Asio aliandika, kisha akabaki ameishika kalamu. Okiria, mjomba aliyekuwa ndani ya seli ya kituo cha Asio, Malaba, tangu Jumapili, aliinama kila alipopita mlangoni. Mtu wa kupulizwa hakuwa yeye.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Atyang alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, mwanafunzi wa bweni katika shule hiyo ya njia ya Alupe. Ijumaa watoto wa madarasa ya chini walifunguliwa kwenda nyumbani kwa mapumziko. Jumamosi mama yake alifika langoni na soda na mandazi kumchukua, akaambiwa mtoto alishaenda na mjomba. Mjomba alisema Ijumaa hakuvuka hata daraja la mpakani. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu karatasi ya ruhusa ilikuwa na jina lake.

Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na watu watatu. Bwana Oriokot, mwalimu mkuu mwenyewe, alikaa nyuma ya meza na tai ikiwa imekazwa mpaka shingo imejaa. Karibu na dirisha alikuwa Hillary Ekwaro, kijana wa Busia mjini mwenye ndevu za kuchongwa, aliyeitengenezea shule programu ya kutuma meseji kwa wazazi na kuchapa karatasi za ruhusa. Kwenye benchi la mlangoni alikuwa mama ya Atyang, Roselida Nasambu, simu imelala juu ya mapaja. Mandazi ya Jumamosi bado yalikuwa kwenye mkoba wake. Harufu ilisikika.

"Sisi tulifuata utaratibu," Oriokot alisema. "Meseji ilitumwa Alhamisi. Hapa kwa kompyuta imeandikwa imefika."

"Ilimfikia nani?" Asio aliuliza.

"Mzazi."

"Haikunifikia," Roselida alisema. Hakuinua kichwa.

"Mama, ilifika. Kompyuta haina sababu ya kukudanganya."

"Mimi pia sina."

Asio aliomba orodha ya wazazi. Hillary alibonyeza, printa ikakohoa, karatasi ikatoka. Majina yalikuwa upande wa kushoto kwa herufi kubwa. Namba za simu zilikuwa kulia, zote zikianza na plus mbili tano nne, kisha nafasi, tarakimu tatu, nafasi, tatu, nafasi, tatu. Zilikuwa zimejipanga kama watoto wa paredi.

"Karatasi yako ni safi," Asio alisema.

"Asante, afande." Hillary alisogea. "Mwanzoni ilikuwa aibu. Mzazi mmoja anaandika kuanzia sifuri, mwingine mbili tano nne, mwingine anatia vistari kila mahali. Ukichapa unaona kama kuku wamepita. Kwa hivyo nikaifundisha programu isafishe. Inatoa nafasi na vistari, inakata ile sifuri ya mbele, inaweka plus mbili tano nne. Zote zinakaa mstari mmoja."

"Zote?"

"Zote. Hakuna inayotoroka."

Asio alimgeukia Roselida. "Mama Atyang, nitajie namba yako."

Roselida aliitaja kwa sauti ya mtu anayekariri Baba Yetu. Sifuri saba saba, na kuendelea. Asio alifuata kwa kidole kwenye karatasi. Ukiacha ile sifuri, tarakimu zilikuwa zilezile mpaka mwisho.

Oriokot alifungua viganja. "Umeona. Namba ni yake. Mama anaacha simu sokoni, kaka yake anasoma meseji, anatuma mtu wake. Hizi ni mambo za kifamilia."

Asio alitoa simu yake mwenyewe, akapiga ile namba kama ilivyochapwa, na plus yake na mbili tano nne yake. Akaweka sauti ya nje, akailaza mezani.

Ikaita. Wote waliisikia ikiita.

Simu ya Roselida ilikaa pale kwenye mapaja, kimya, kioo cheusi. Roselida aliiinua, akaigeuza nyuma na mbele, akaitikisa kidogo.

"Si yako inayolia," Asio alisema. "Laini yako ni ya wapi?"

"Ya Uganda. Kibanda changu cha vitunguu kiko ng'ambo, afande. Ile ya Kenya pale haishiki vizuri. Malaba karibu sisi wote tuko hivyo."

"Na shuleni uliandika vipi?"

"Kama vile tunapeana. Sifuri saba. Mtu wa Malaba anaandika hizo za plus za nini? Hapo hapo ni nyumbani."

Asio alichukua kalamu. Akaandika namba ya Roselida ilivyotakiwa kuwa, plus mbili tano sita ya Uganda mbele. Chini yake akaandika ile ya kwenye orodha, plus mbili tano nne ya Kenya. Akamsogezea Hillary karatasi.

Hillary aliiangalia. Akahesabu tarakimu kwa ncha ya kidole.

"Zina urefu sawa," alisema mwishowe. "Za Uganda na zetu. Zote sifuri mbele. Programu haikuona tofauti."

"Kwa hivyo namba ya ng'ambo uliivalisha plus yetu."

"Ili zikae sawa, afande."

"Na kwa sababu namba kama hiyo hapa Kenya iko na mwenyewe, meseji zimekuwa zikienda kwake."

Mzazi unayesoma hapa, subiri kidogo. Huyu mama hakukosea tarakimu hata moja. Aliandika namba yake sawasawa, kwa mkono wake, na shule haikuibadilisha kwa ubaya. Walitaka ipendeze tu. Nenda kaulize shuleni kwa mtoto wako imeandikwaje, na usiulize kama iko. Watakwambia iko.

"Tangu lini?" Roselida aliuliza.

Asio akamwambia Hillary afungue zilizotumwa. Zilishuka kwenye kioo moja baada ya nyingine, zote na jina la mtoto kwa herufi kubwa, kwa sababu programu iliandika hivyo kila jina. ATYANG amekuwa wa pili darasani. ATYANG anakohoa usiku, matroni amempa dawa ya kuvuta kwa mdomo. ATYANG amehamishiwa bweni la pili, kitanda cha dirishani. Anayeruhusiwa kumchukua ATYANG ni mjomba OKIRIA.

"Mtu amesoma haya yote," Asio alisema.

"Mwaka jana wote," Hillary alisema polepole. "Na huu."

"Mimi nilidhani shule haitumi," Roselida alisema. "Nilidhani wanawatumia wale wenye magari."

Oriokot alilegeza tai. "Lakini kuna kitu. Matroni alipiga simu muhula uliopita, mtoto akiwa na kifua. Mwanaume akashika, akaongea vizuri kabisa. Akasema atamwambia mama. Ndio tukajua ni huyo mjomba."

"Ndio mkaniambia nimfunge."

Oriokot aliangalia printa.

Asio alipiga simu kituoni. Kwanza akasema Okiria atolewe, apewe chai. Pili akasoma ile namba na kuomba atafutiwe mwenyewe. Jibu lilichukua muda, na muda huo wote Roselida alikuwa akisoma kioo cha Hillary kutoka mbali, akisogeza macho juu na chini bila kuomba asogezewe. Hatimaye jina likaja. Laini ilisajiliwa kwa Methuselah Egesa, mkazi wa Nangina. Simu ilikuwa bado imewashwa, na mnara ulioishika mwisho ulikuwa wa upande wa Port Victoria, kando ya ziwa.

"Naenda," Asio alisema. "Msifute chochote humo ndani. Hata nukta."

"Hatutafuta," Oriokot alisema.

*

Mzee Methuselah alikuwa ameketi mlangoni kwake Nangina akitoa mahindi kwenye magunzi, na alipoona gari la polisi alisimama kwa furaha iliyomshangaza Asio.

"Mmemleta?"

"Nani, mzee?"

"Mjukuu wangu. Atyang."

Asio alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa. "Unamjua Atyang wapi?"

"Kwa simu. Meseji zinakuja. Mimi sioni herufi, macho haya yaliniacha. Ananisomea Mathews, kijana aliyepanga chumba kile pale." Alionyesha mlango uliofungwa kwa waya. "Mtoto wa pili darasani, madam. Kifua kinamsumbua, lakini kichwa anacho."

"Na nani alikuambia ni mjukuu wako?"

Mzee alirudi kwenye mahindi. "Nilikuwa na kijana. Alienda Uganda kutafuta kazi, akarudi kwa sanduku, tukamzika. Watu walisema huko aliacha msichana na mimba. Sikuwahi kumwona. Sasa meseji zikaanza kuja zenyewe, mzazi wa Atyang, mzazi wa Atyang. Nikamwuliza Mathews, hii inawezekana? Akasema, mzee, namba haiwezi kukosea. Huyo ni damu yako, wamekutafuta."

"Shule ilipopiga simu, nani alishika?"

"Yeye. Mimi kwa simu napiga kelele, watoto wananicheka."

"Na Ijumaa?"

"Aliomba simu. Akasema shule imefungwa, anaenda kumleta mtoto anione. Mimi nikachinja jogoo." Alielekeza kidevu jikoni, kwenye sufuria lililofunikwa kwa sahani. "Nimelipasha kila siku. Sasa nyama imekuwa nyuzi."

Asio alimwuliza mzee, huyo Mathews ni mtu wa wapi. Mzee alisema ni mtu wa kutembea, leo samaki, kesho matofali, mtu wa heshima, hapigi kelele. Alimwuliza jina la baba yake Mathews. Mzee hakulijua. Walivunja ule waya. Chumbani kulikuwa na mkeka, jozi ya sandali za mtoto, mpya, bado zimefungwa pamoja kwa uzi wa duka, na hakuna kingine.

Asio alizishika zile sandali muda kidogo. Kisha akaziweka ndani ya mfuko wa nailoni, akafunga.

"Madam," mzee alisema walipotoka, "huyo si mjukuu wangu?"

"Hapana, mzee. Ana mama yake Malaba."

Mzee aliokota gunzi, akaliangalia, akaanza kulitoa mahindi ambayo hayakuwepo.

Ndani ya gari Asio alihesabu alichokuwa nacho. Jina moja la mtu wa kutembea. Mnara unaoshika kutoka nchi kavu hadi kwenye maboti ya ziwani, ambako kwa boti moja tu unakuwa Uganda. Kituo cha Port Victoria kilikuwa kimeahidi kutuma askari ufukweni, wawili, kama pikipiki itawaka. Na alikuwa na kitu kimoja zaidi. Mathews aliacha chumba na mkeka lakini hakuitupa ile laini. Bado alikuwa anaiwasha, kwa sababu meseji za shule ndizo zilizomwambia kama mtu ameshtuka. Mpaka sasa shule ilikuwa imenyamaza.

"Dawa," alimwambia dereva. "Dawa ya kuvuta ilibaki wapi?"

"Sijui, afande."

Alimpigia matroni. Dawa ilibaki bwenini, chini ya mto. Mathews hakujua kuiuliza langoni.

Basi njia ilikuwapo. Mtoto angekosa pumzi, kama hakuwa ameshaanza, na mtu aliyemshika angetafuta msaada kwa anayemwamini. Meseji ingetoka shuleni, na jina la shule, na ATYANG kwa herufi kubwa, kama zile zote alizozoea. Dawa ya kifua ya ATYANG imebaki. Mlezi apige namba ya matroni aelekezwe zahanati ya karibu. Akipiga, Asio angekuwa kando ya matroni. Ile namba mbovu ndiyo ilikuwa kamba pekee iliyobaki mkononi mwao, na mwisho wa pili alikuwa mtoto.

Alimpigia Oriokot. Simu haikushikwa. Alipiga tena wakivuka mto, na tena karibu na Busia. Mwalimu mkuu alikuwa langoni, akiwafungulia watoto wa madarasa ya juu kwenda nyumbani.

*

Hillary alikuwa peke yake na Roselida ofisini. Alikuwa amekunja mikono ya shati na rangi ya uso wake ilikuwa imerudi kidogo. Asio hakukaa. Alimwambia meseji neno kwa neno, na Hillary akaiandika, akaisoma kwa sauti, akabonyeza.

Simu ya Roselida ikalia.

Ililia mlio mfupi wa meseji, juu ya mapaja yale yale. Roselida aliiangalia kama kitu kilichoanguka kutoka darini.

Asio alimwangalia Hillary.

"Nilirekebisha," Hillary alisema. "Sikufuta, afande. Ulisema tusifute. Mwalimu aliniambia kuna watoto wengine wa Malaba, wa juu, wanatoka leo, na wazazi wao wako na laini za ng'ambo. Akasema tusirudie. Nikawapanga wote upya, kila mtu na plus yake. Si ndio ilikuwa kosa?"

"Ilikuwa," Asio alisema. "Rudisha hii ya Atyang. Ile ya zamani. Sasa hivi."

Vidole vya Hillary vilikimbia. Kisha vikapunguza mwendo. Kisha vikasimama.

"Nini?"

"Kuna kitu programu hufanya." Hakugeuka. "Mzazi akibadilisha namba, inatuma kwa ile ya zamani, kuaga. Na kwa mpya, kukaribisha. Niliiweka kama heshima."

"Inaaga inasemaje?"

Alielekeza kidole kwenye kioo, kwa sababu hakuweza kuitamka. Asio aliisoma mwenyewe.

Namba hii imeondolewa kuwa ya mzazi wa ATYANG. Hutapokea tena habari zake. Asante kwa kutembea nasi.

Pembeni yake programu ilikuwa imeandika neno moja, kwa rangi ya kijani. Imefika.

Asio alipiga ile namba. Mwanamke wa kwenye mtambo akamwambia kwa upole kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena. Akapiga kituo cha Port Victoria, akaambiwa askari wamefika ufukweni, maboti ni mengi, na baadhi yametoka muda si mrefu. Aliuliza muda gani. Hawakujua. Aliuliza kama kulikuwa na mtoto wa kike kwenye hayo yaliyotoka. Afande, walimwambia, huku watoto wapo kila boti.

Oriokot aliingia akifuta jasho, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wote wa Malaba wameenda na wazazi wao halisi," alisema. "Nimehakikisha mmoja mmoja." Kisha akaona nyuso, akabaki na kitambaa shingoni.

Alikuwa amefanya sawa kwa watoto wote isipokuwa mmoja, na hakukuwa na namna ya kumwambia hivyo hapo.

Simu ya Roselida ililia tena. Na tena. Meseji ya kukaribisha ilikuwa imechelewa njiani kwenda laini ya ng'ambo, na baada ya kumkaribisha programu ilimrudishia meseji ya mwisho ya mtoto wake, ile ya Alhamisi, kama inavyomfanyia kila mzazi mpya ili asipitwe. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikisogea. Kisha akasimama, akachukua mkoba wenye mandazi, akatoka.

Asio alimfuata hadi kwenye ngazi. Roselida alikatiza uwanja moja kwa moja, akafika langoni, akamnyooshea bawabu simu.

Bawabu alivua kofia. Aliisoma meseji yote. Mtoto ATYANG yuko tayari kuchukuliwa. Onyesha meseji hii langoni. Akatoa karatasi yake mfukoni, ile ya Ijumaa, akalinganisha namba ya siri kwa kidole, mara ya kwanza, kisha mara ya pili taratibu zaidi.

"Inalingana?" Roselida aliuliza.

"Inalingana, mama."

"Basi niitie."

Bawabu alimtazama Asio kule ngazini. Asio alikuwa na mfuko wa sandali mkononi na simu sikioni, na bado ilikuwa inamwambia mteja hapatikani. Bawabu akageuka akaelekea mabwenini, ambako hakukuwa na mtu, akaita jina.